Waliokuja Kumuulizia Binti Yangu

Mie ni mtu wa kushuku, sifichi. Ukiniletea sahani ya pilau bila sababu nitaipokea, nitakushukuru, halafu nitakaa nijiulize umeharibu nini. Marehemu mume wangu alikuwaga ananicheka, anasema mke wangu hata akipewa salamu anaikagua mbele na nyuma. Haya, acheke huko aliko. Kushuku kumeniokoa na mengi hapa mjini: matapeli wa viwanja, wauza vitambaa vya magendo, hata fundi bomba mmoja aliyetaka kunibadilishia koki nzima kwa mbovu. Mara moja tu kulinigeukia, na hiyo mara moja bado naishi nayo nyumba moja.

Tunakaa Bunju, ndani kidogo kutoka Barabara ya Bagamoyo, mie na binti yangu wa pekee. Nyumba aliianza baba yake, mie nikaimalizia kwa cherehani. Lakini cherehani yenyewe haipo nyumbani. Nimeiweka kwenye kibanda pale njia panda, kama nyumba sita hivi kutoka geti langu, maana huko ndiko watu wanapita. Mgeni asiyetujua hawezi kukisia kwamba yule fundi wa njia panda na nyumba ya geti la bluu ni kitu kimoja.

Binti yangu alisomea ununuzi na ugavi. Alipomaliza chuo nikadhani wiki ya pili nitamwona na kitambulisho shingoni. Weee! Mwaka ukapita, wa pili ukapita. Akajitolea kwenye stoo ya dawa ya hospitali moja, bila mshahara, anaondoka asubuhi kama mfanyakazi na anarudi jioni kama mfungwa. Mie nikaanza maneno. Nikamwambia, mwanangu, digrii nzima ya kuhesabu maboksi? Hakukasirika. Akaniambia, "Mama, dawa ikiisha stoo bila mtu kujua, mgonjwa anafia wodini huku daktari anamtazama. Mtu wa stoo ndiye anayetakiwa kujua kabla." Tangu siku hiyo sikuisema tena kazi ya stoo, na mtu mwingine akiisema mbele yangu tunagombana.

Nikaamua nitamsaidia kwa nilichonacho. Nilimshonea suti ya bluu iliyokoza, sketi na koti, nikaifumua mara tatu mpaka mabega yakakaa. Jioni nikirudi kutoka kibandani tulikuwa tunafanya intavyuu za kuigiza. Mie ndiye bosi. Nakaa mezani, navaa miwani ya kushonea, nakunja uso. "Haya, tueleze kuhusu wewe." Anaanza kucheka. Namwambia, cheka hivyo hivyo, watakuona mhuni. Namrudisha mlangoni abishe hodi upya. Kuna maswali niliyatunga mwenyewe: umekuta boksi limepungua na bosi wako ndiye aliyelichukua, utafanyaje? Siku moja alijibu vizuri mpaka nikasahau kwamba mie ni bosi, nikampigia vigelegele.

Halafu ikaja nafasi ya kweli. Kampuni moja ya kusambaza dawa za hospitali ilimwita, msaidizi wa msimamizi wa ghala. Akaenda mara ya kwanza, wakamwita mara ya pili. Mara ya pili alirudi uso unang'aa, akasema walimuuliza lile swali langu la boksi, karibu neno kwa neno. Tulicheka siku hiyo, jamani! Wakamwambia akae karibu na simu, watampigia. Basi ile simu ikawa mtu wa tatu ndani ya nyumba. Anaoga nayo juu ya ndoo iliyofunikwa, anapika nayo, na mie nikisikia mlio naacha kushona.

Katikati ya kusubiri huko ndipo wifi yangu alipopiga simu kutoka Sinza. Huyu ni dada wa mume wangu, na tangu kaka yake afariki amejipa kazi ya kunikumbusha kwamba binti ni wa kwao. Akasema, "Wifi, mtoto wa kaka yangu anazeeka hapo na makaratasi. Kuna watu wa heshima zao, wana mali zao, wanamuulizia. Nikiwaelekeza, usije ukanitia aibu." Nikamwambia mwanangu anasubiri kazi. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Kazi ipo tu, wifi. Mume je?" Nikakata simu kwa hasira.

Hasira hiyo ina asili yake. Nilipokuwa ndiyo kwanza nimemaliza sekondari nilipata barua ya kwenda chuo cha uhazili. Nilikuwa nimeshajifunza kupiga taipu kwenye meza, bila mashine, vidole vinakwenda vyenyewe. Wakati huo huo wakaja watu mtaani kwetu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wakimya, wamevaa vizuri, wanauliza majirani habari zangu. Majirani wakanisifu. Ana adabu, anapika, hatoki, mwaminifu, ukimwachia nyumba unaikuta. Yule mama wa nyumba ya pili ndiye aliyenisifu kuliko wote, na alifanya kwa mapenzi kabisa. Miezi mitatu haikuisha nikawa mke wa mtu. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Lakini ile barua ya chuo ipo mpaka leo chini ya sanduku langu la nguo, na nikiigusa naumia. Kwa hiyo mie nilijifunza mapema kwamba watu wakija kuulizia msichana, sifa ndizo zinazomchukua.

Sasa sikia. Wiki ile ile ya simu ya wifi, jirani yangu mwenye genge, ambaye ni shoga yangu wa miaka mingi, akanifuata kibandani anatabasamu mpaka magego. "Jiandae, shoga. Kuna wawili wanapita mtaani wanamuulizia binti yako. Anaishi na nani, anatoka na nani, tabia yake vipi. Mie nimewaambia sina la kusema ila zuri. Mahari hiyo inanukia!" Damu ikanipanda. Nikamuuliza wakoje. Akasema mwanamume na mwanamke, wakimya, wamevaa vizuri. Nikauma uzi kwa meno badala ya kuukata kwa mkasi.

Hazikupita hata dakika ishirini, hao hapo. Mwanamume wa makamo, shati limechomekewa, viatu vya kung'aa vimejaa vumbi letu la Bunju. Mwanamke kajitanda ushungi wa kijivu, sauti ya chini, heshima tele. "Shikamoo, mama." Nikaitika marahaba. Akauliza, "Samahani, tunaulizia kidogo. Binti wa ile nyumba ya geti la bluu, unamfahamu?"

Hawanijui, nikajisemea. Wanadhani mie fundi tu. Ningeweza kusema hapo hapo kwamba ni mama yake. Nikaona hapana, ngoja niwacheze.

"Namfahamu vizuri mno," nikasema. "Kwani mnamtakia nini?"

Wakatazamana. Mwanamume akasema ni mambo ya kawaida tu, wametumwa, hawawezi kueleza zaidi. Akatoa kidaftari na kalamu. Loh, nikasema moyoni, siku hizi washenga wanaandika! Watu wa wifi yangu wamesoma hao.

Mwanamke akauliza tabia yake ikoje kwa jumla. Nikavuta pumzi. Nikasema ni mtoto wa watu, sipendi kumsema, ila ulimi wake hauna breki. Mkubwa mdogo wote anawajibu. Kalamu ikaandika. Akauliza marafiki zake. Nikasema hao ndio usiniulize kabisa. Akauliza kama analala nyumbani. Nikacheka kidogo, nikatikisa kichwa hivi, nikasema siku akilala nyumbani hata mama yake anashangaa. Astaghfirullah! Mtoto ambaye saa mbili usiku keshajifungia na tamthilia yake na bakuli la karanga.

Mwanamume akasita, akauliza swali moja ambalo lingenizindua kama ningekuwa na akili zangu. "Na kwenye uaminifu? Mathalani ukimwachia ufunguo, utakuwa na amani?"

Mshenga gani anauliza habari za ufunguo? Lakini mie nilikuwa nimeshapanda juu, sishuki. Nikaona hawa wana nyumba zao na makabati yao, wanaogopa vyombo vyao, ndiyo mali alizonisimulia wifi. Nikasema, "Yule? Umwachie yule ufunguo, utarudi ukute hata mlango hakuna."

Mwanamume akaandika polepole. Mwanamke akanishukuru, akaniambia kazi njema, wakaondoka wakipangusa jasho. Na mie, haki ya Mungu, nilifurahi. Niliendesha cherehani ile jioni kwa kasi mpaka mkanda ukataka kutoka. Nilijiona nimefanya kile ambacho yule mama wa nyumba ya pili alitakiwa kunifanyia mie. Nilipofika nyumbani nikamkuta binti yangu ananyoosha suti ya bluu, isikae na mikunjo kama wakimwita ghafla. Sikumwambia kitu. Nilimpikia wali wa nazi, akaniuliza kuna sherehe gani.

Jumapili wifi akaja kutusalimu. Binti alikuwa katoka kidogo dukani. Nikaona hii ndiyo nafasi, nikamwekea chai, nikamwambia kwa maringo yote, "Watu wako nimewarudisha, wifi. Usihangaike kuleta wengine."

Akashusha kikombe. "Watu wangu wepi?"

"Wale uliowatuma. Mwanamume na mwanamke."

"Mie sijatuma mtu," akasema. "Yule kijana wa wale watu niliokutajia nasikia kashachumbia kwingine. Nilikuja kukwambia hivyo hivyo, tusimtie mtoto presha bure."

Nilimtazama usoni kutafuta uongo, maana mie uongo naujua. Sikuuona. Nikamuuliza tena, nikamuuliza mara ya tatu, mpaka akaniuliza kama naumwa. Kama si wa wifi, walikuwa wa nani? Nikaanza kuyapitia maswali yao moja moja, yale ya marafiki, ya kulala nyumbani. Nilipofika kwenye ufunguo nikasimama, nikaenda uani, nikashika kamba ya kuanikia nguo.

Simu ilikuja Jumanne mchana. Nilikuwa nyumbani, niliogopa kwenda kibandani siku zile. Binti yangu alipokea kwa sauti yake ya intavyuu, ile tuliyoifanyia mazoezi. Akasikiliza. Akasema ndiyo. Akasema sawa, asante. Halafu akauliza, "Samahani dada, naomba kujua nilikosea wapi." Akasikiliza tena, muda mrefu, akakaa chini sakafuni taratibu.

Yule dada wa ofisini alimhurumia akamwambia ukweli. Kwenye usaili alikuwa wa kwanza. Ila ghala la dawa hawampi mtu bila kuulizia mtaani kwake, na huko mtaani kuna mtu amesema mambo. "Mama," binti yangu akaniambia, "eti wamesema majirani hawawezi kuniachia hata ufunguo. Mie nimemkosea nani hapa Bunju?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo ulifunguka, nakumbuka. Nikasema, "Watu wabaya, mwanangu." Nikamshika bega na mkono wangu huu huu.

Ugonjwa wangu wa kushuku ukamwingia yeye. Mtoto ambaye alikuwa anasalimia mpaka mbuzi akaanza kupita mtaani anakagua nyuso. Alikaa akifikiria ni nani, akamtoa huyu, akambakisha yule, mwisho akaangukia kwa shoga yangu wa genge, kwa kuwa ndiye aliyekiri kuongea na wale watu. Akaacha kununua kwake. Alhamisi akamsimamisha mbele ya wateja, akamwambia, "Nilikuwa nakuita mama mdogo." Basi, neno hilo tu, akaondoka. Shoga yangu akaja kibandani analia, aproni bado kajifunga, mikono inanuka vitunguu. "Mie nilimsifia, shoga. Wallahi nilimsifia. Mwambie mwanao."

Nilimtazama yule mwanamke akilia kwa kosa langu, nikajichukia. Nikafunga cherehani saa nne asubuhi.

Binti yangu nilimkuta jikoni anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikasema, "Ni mie."

Hakuelewa. Nikamweleza yote, simu ya shangazi yake, wale wawili, kidaftari. Aliendelea kuchagua mchele. Akasema, "Nitajie ulichosema. Chote." Nikataja. Nilipofika kwenye mlango akainua uso. "Hata mlango hakuna?" Nikasema ndiyo. Akacheka, kicheko kifupi ambacho sikukipenda.

"Si ungewauliza wao ni nani, mama?"

Nikasema niliuliza, wakaficha. Akasema, "Uliuliza mara moja." Ni kweli, mie nilishakuwa na jibu langu.

Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Na kama wangekuwa washenga kweli? Nani alikwambia sitaki?"

Hilo ndilo lililonimaliza. Miaka yote nilidhani niko upande tofauti na wale walionipangia mie. Kumbe nimekaa kiti kile kile. Nililia, sikuona aibu. Yeye hakulia. Alisimama, akajifunga khanga, akaenda gengeni kuomba msamaha, akarudi na fungu la nyanya ambalo hakuombwa kulilipia.

Mie kesho yake nikavaa gauni langu la sherehe, nikapata barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri, nikaenda mpaka ofisini kwao. Nilikaa mapokezi mpaka mchana. Aliyetoka kunisikiliza alikuwa yule yule wa ushungi wa kijivu. "Fundi!" akasema, akashangaa kweli. Nikamwambia mie si fundi tu, mie ni mama yake mzazi, na yote niliyosema siku ile ni uongo mtupu. Mwanangu hatoki, hajibu wakubwa, na ukimwachia ufunguo anafunga mlango na kuukagua mara mbili. Nikampa barua.

Aliisoma mpaka mwisho, ana adabu yule dada. Akasema, "Mama, kila mzazi anamsifia mwanawe. Ndiyo maana sie hatuwaulizi wazazi, tunauliza majirani."

"Lakini jirani mwenyewe ni mie!"

"Ndiyo," akasema kwa upole. "Sasa nimwamini yupi?"

Nafasi yenyewe ilishapata mtu. Alinisindikiza mpaka getini, akaniambia nisijilaumu sana. Nilimshuku hata kwa hilo.

Siku hizi binti yangu yuko Tegeta, kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, anasimamia stoo. Alijitafutia mwenyewe. Mie nilijua siku ya kwanza ya kazi, nilipomwona na suti ya bluu. Simenti na nondo si dawa, naliona hilo usoni kwake akipita mbele ya famasi. Mwenye duka alimkabidhi funguo za stoo wiki ya kwanza, fungu zima, zinalia kiunoni akitembea. Tunaongea, tunakula sahani moja, Ijumaa ananisuka. Intavyuu za kuigiza hatujafanya tena.

Ila kila asubuhi akielekea kituoni anapita kibandani, anatoa ufunguo wa nyumba, anauweka juu ya meza ya cherehani. "Shika ufunguo wako, mama," anasema. "Nisije nikaondoka na mlango." Mwanzoni alikuwa anasema bila kucheka. Sasa anacheka, wateja nao wanacheka wakidhani ni utani wa nyumbani, na mie nakaa nakichunguza kicheko chenyewe kama nilivyozoea kuchunguza kila kitu.

Juzi nikausukuma ule ufunguo kurudi upande wake. Nikamwambia, mwanangu, kaa nao, mie nakuamini, tena sijawahi kuacha kukuamini.

Akanitazama. "Una hakika, mama?"

Nikasema nina hakika.

Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia. Akauacha pale pale mezani, akaenda kazini.